Fundi wa taa aliyekuja baada ya Magharibi

Mafundi umeme wote niliowahi kuwaita nyumbani walikuja mchana. Wanaingia, wanatazama dali, wanauliza, "Mama, unataka taa ngapi?", kisha wanatoboa tundu katikati ya kila chumba na kuondoka. Huyu wa safari hii aliniambia kwenye simu, "Mama, nitakuja baada ya Magharibi. Nakuomba usiwashe taa hata moja mpaka nifike." Nikakaa barazani gizani na mama yangu tukimsubiri, na mama akaniuliza mara mbili kama umeme umekatika.

Nimeishi na kazi yake miezi minane sasa. Msimu wa harusi umepita, Ramadhani imepita, masika yamepita, kwa hiyo ninachoandika hapa si furaha ya siku ya kwanza. Jina lake simwandiki kwa sababu ameniomba nisimtaje. Anayemhitaji na yuko Tanga aniulize.

Kwanza muijue nyumba. Ni ya urithi, iko Ngamiani, kwenye zile barabara zetu za namba. Ni nyumba ya Kiswahili kama mnazozijua: ukumbi mrefu katikati kutoka mlango wa mbele mpaka uani, vyumba vitatu huku, vitatu kule. Ukumbi hauna dirisha. Mlango wa mbele ukifungwa, saa sita mchana unapapasa ukuta. Chumba cha kwanza kulia ndicho karakana yangu. Nashona magauni ya harusi, ya sare na ya akina mama, mwaka wa 19 huu. Mama analala chumba cha pili kushoto.

Kilichonifanya nitafute fundi ni gauni moja. Mama wa bi harusi aliniletea lesi ya rangi ya damu ya mzee, kitambaa cha bei, na shughuli ilikuwa Jumamosi, nikashona usiku kucha. Zipu, uzi, bitana ya kifuani, vyote nilivichagua mwenyewe. Nilivilaza juu ya lesi chini ya taa, vikakubaliana. Asubuhi nikalitoa gauni barazani nilipige picha. Uzi ulikuwa kahawia. Zipu kahawia. Juani mgongo wote ulionekana kama umeshonwa kwa kamba ya katani. Nilifumua kila kitu, nikampigia mteja nikamweleza ukweli, na alinivumilia. Lakini nililia siku ile. Nilidhani macho yangu yamekwisha. Nikaenda kupima, daktari akasema macho mazima, nihitajicho ni miwani ya kusomea tu.

Fundi alipofika hakutazama dali. Alifungua boksi la kadibodi lenye balbu kama 12, holda moja iliyofungwa kwenye waya wa mita tano, na kibanio. Akasema, "Mama, nionyeshe unapofanya kazi, na ulete nyuzi zinazokuchanganya." Nikamletea rili sita: nyeusi, nevi bluu, damu ya mzee, kahawia iliyoiva, nyeupe, na rangi ya maziwa. Akazipanga mezani, akawasha taa yangu ya kawaida, akaniuliza naona rangi ngapi. Nikaona tatu. Nevi na nyeusi zilikuwa kitu kimoja, damu ya mzee na kahawia kitu kimoja, nyeupe na maziwa nilizitofautisha kwa kubahatisha. Akaizima, akawasha balbu yake kwenye holda. Rili sita, rangi sita. Mama alikuwa mlangoni, na yeye akaona.

Nilimtaka anieleze, na alinieleza vizuri, tena bila haraka. LED, hizi balbu za kisasa zinazokula umeme kidogo, ikiwa nyeupe si nyeupe kwa asili yake. Ndani mna kipande kidogo kinachotoa mwanga wa buluu, kikafunikwa na unga wa njano, na buluu ikichanganyika na njano jicho linaona nyeupe. Kuipata LED ya buluu yenyewe kulichukua miaka mingi hata wanasayansi watatu waliozaliwa Japani, Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, wakapewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014 kwa kazi hiyo. Sasa ule unga ukiwa wa bei ya chini, mwanga unakuwa na buluu tele, njano tele, na wekundu kidogo sana. Kitambaa hakina rangi yake gizani. Kinarudisha kile kilichokifikia. Ukikinyima wekundu, damu ya mzee itatoa wapi wekundu wa kukuonyesha? Inabaki kahawia.

Boksi zuri la balbu huandika kipimo cha uaminifu wa rangi, kwa herufi Ra au CRI. Mwisho wake ni 100. Taa nyingi za maduka yetu zinazoandika namba hiyo huandika 80, na nyingine haziandiki chochote. Fundi akaniongezea jambo ambalo kila fundi cherehani ningependa alijue: hiyo Ra ni wastani wa rangi nane zilizofifia, na nyekundu kali haimo katika hesabu hiyo. Ina namba yake peke yake, R9. Balbu inaweza kuwa na Ra 80 na bado kwa nyekundu ikawa haina kitu. Kwa anayepika au anayesoma gazeti si neno. Kwa anayeshona nyekundu za harusi, ni kazi ya usiku mzima kufumuliwa asubuhi.

Balbu zangu za zamani nilizinunua duka moja la mjini, boksi limeandikwa wati 20 na "mwanga wa mchana". Fundi alifungua kamera ya simu yake akailekeza kwenye taa, na kwenye kioo cha simu ikapita mistari myeusi, inashuka, inashuka. Umeme wetu ni wa Hezi 50, kwa hiyo taa isiyotengenezwa vyema inafifia na kuwaka mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, ila kichwa kinauma. Nikakumbuka kitu nilichokuwa nikikiona mwaka mzima bila kukielewa: nikiendesha cherehani kwa kasi, gurudumu lilionekana linarudi nyuma polepole. Nilikuwa nadhani ni usingizi. Kumbe ni taa. Fundi alikunja uso, akasema mtu anaweza kuuweka mkono kwenye mashine inayozunguka akidhani imesimama. Basi fanyeni jaribio hilo la kamera hapo hapo dukani kabla hamjalipa. Mwuzaji mwema hatakataa.

Karakana ndiyo aliyoifanya vizuri kuliko vyumba vyote, nami nitaieleza kwa kirefu. Hakuongeza taa kwenye dali. Alizishusha. Taa mbili zenye kofia za bati, nyeupe ndani, zinaning'inia kwa waya, moja juu ya meza ya kukatia na moja juu ya cherehani, upande wa kushoto kwa sababu mie natumia mkono wa kulia na kivuli cha mkono hakitakiwi kuangukia sindano. Chini ya kofia huioni balbu yenyewe, unaona kitambaa tu. Alinipimia kwa programu ya simu, kabla na baada: mezani ilikuwa laksi 130 (laksi ni kipimo cha mwanga unaoangukia mahali), ikawa karibu 780. Simu si kipimo cha maabara, lakini tofauti hiyo huhitaji maabara kuiona. Na wati hazikuongezeka, zilipungua. Balbu ya LED ya wati 9 inayotoa lumeni 800 na kidogo (lumeni ni kipimo cha mwanga wote unaotoka kwenye balbu) ni sawa na balbu ya zamani ya wati 60, na ukisogeza taa karibu mara mbili, mwanga unaofika kwenye kazi unakuwa mara nne. Miaka yote hiyo nilikuwa nalipia umeme wa kumulika hewa iliyo kati ya dali na kichwa changu.

Mbele ya kioo cha kupimia nguo hakuweka taa juu. Aliweka pande mbili za kioo, urefu wa uso, kwa sababu taa ya juu humwekea mtu vivuli chini ya macho na chini ya kidevu, na bi harusi anayejiona vile anadhani gauni ndilo baya. Kisha akanifungia swichi mbili. Moja inawasha mwanga wa Kelvini 4000 (Kelvini ni kipimo cha rangi ya mwanga), mweupe uliotulia. Ya pili inawasha wa Kelvini 2700, wa njano kama balbu za zamani. Akasema, "Mama, wateja wako wanavaa wapi? Wengine nikaha ya asubuhi, wengine ukumbini usiku. Wacha wajione kwa taa watakayovalia." Miaka 19 ya kushona, na wazo hilo sikuwahi kulipata. Sasa siwezi kumpima bi harusi bila kuuliza shughuli ni saa ngapi. Kuna mmoja alikuwa amechagua kitambaa cha rangi ya maziwa kwa ukumbi wa usiku, tukawasha taa ya njano, maziwa yakageuka siagi. Akabadilisha kitambaa kabla sijatia mkasi. Hasara hiyo iliyozuilika peke yake imelipa bei ya kioo.

Kuhusu ukumbi wa nyumba tulibishana. Mie nilitaka taa tatu za nguvu kwenye dali. Yeye akashika ukuta. Ukuta wangu nusu ya chini ulikuwa rangi ya mafuta ya kijani iliyokoza, ile tunayoipaka ili uchafu wa mikono usionekane. Akasema, "Kabla ya kununua taa, nunua rangi. Kijani hiki kinameza mwanga wote unaoulipia." Rangi nyeupe safi hurudisha karibu asilimia 80 ya mwanga unaoipiga, kijani kile hakirudishi hata robo. Tukapaka nyeupe yenye joto kidogo mpaka chini, ya kufutika kwa maji. Baada ya hapo akafunga taa nne ndogo zinazomulika ukuta wenyewe, si sakafu. Ukumbi umepanuka. Najua haujapanuka hata inchi, nimeupima mwenyewe kwa futi yangu ya kushonea, lakini kila anayeingia anauliza kama nimebomoa ukuta.

Nilipomwambia jambo hilo linanikumbusha kitu, alinitaka niseme. Mwaka mmoja nilikwenda Maulidi ya Lamu, tukafikia kwenye nyumba ya mawe ya zamani. Vyumba vya nyumba zile ni vyembamba kwa sababu upana wake unategemea urefu wa boriti za mkoko, vimepangwa kimoja nyuma ya kingine, na mwanga unaingia kutoka kiwandani tu, ule ua wa ndani. Kadiri unavyokwenda mbele, giza linazidi, na kile chumba wanachokiita ndani kina giza kweli. Na huko ndiko ukuta wenye zidaka, safu kwa safu za vijishubaka vya chokaa nyeupe, kila kimoja na ukingo uliochongwa. Nilikuwa nimedhani ni mapambo ya kuwekea vyombo. Lakini jioni ile walipoweka taa ya mafuta pembeni, ukuta mzima ulipata uhai: kila ukingo ulishika mwanga upande mmoja na kivuli upande wa pili. Fundi akanijibu kwamba taa ikimulika ukuta kutoka mbele moja kwa moja, zidaka zote zingelala kama karatasi. Mwanga wa ubavuni ndio unaochonga. Akanionyesha kwenye simu maneno ya Mmarekani Richard Kelly, aliyepanga mwanga wa jengo la Seagram kule New York, ambaye mwaka 1952 aliugawa mwanga mafungu matatu: wa kuenea chumbani, wa kuangukia mahali pa shughuli, na wa kumetameta unaofurahisha jicho. Kwangu mie ukumbi umepata wa kwanza, karakana wa pili. Wa tatu nitaujia.

Alipendekeza pia nitoe bati moja mwisho wa ukumbi, pale pasipo na dali, niweke la plastiki linalopitisha mwanga. Nilikataa. Jua la Tanga la mwezi wa pili likipitia pale, ukumbi utakuwa tanuri. Bado naona nilikuwa sahihi.

Chumba cha mama ndiko alikokosea. Mama ana miaka 74 na jicho moja lina mtoto wa jicho. Fundi aliweka taa mbili za kuzamishwa kwenye dali, juu ya kitanda kabisa. Zilipendeza kwenye picha. Lakini mama akilala chali zinamwingia machoni, na mwenye mtoto wa jicho mwanga mkali unamtawanyikia, anaona ukungu mweupe tu. Siku ya tatu nilimkuta amefunga kanga usoni ndiyo alale. Nilimpigia fundi kwa hasira, nakiri. Alikuja siku ya pili yake, akakaa kitandani, akalala chali mwenyewe, akanyamaza, kisha akasema, "Samahani bibi, nilipima nikiwa nimesimama." Akaziba matundu, hakunitoza chochote. Akaweka taa moja ya ukutani inayomulika juu kuelekea dali, na nyingine yenye shingo ya kukunja kando ya kiti anachosomea Msahafu. Hiyo ya kusomea ni ya nguvu kuliko unavyodhani mzee anahitaji. Jicho la mtu wa miaka 60 linapitisha kama theluthi moja tu ya mwanga unaopita kwenye jicho la kijana wa miaka 20, na mama ameshaipita 60. Tulikuwa tunamwambia "soma mchana, mama, usiku macho yatauma". Hakuwa na tatizo la usiku. Alikuwa anasoma kwenye kivuli cha kichwa chake mwenyewe, taa iko nyuma yake. Sasa anasoma mpaka Isha na baada ya Isha.

Jikoni sitakawia. Alibandika stripi ya LED, ule utepe wa taa ndogo ndogo, chini ya makabati, ikamulika ubao wa kukatia vizuri, na baada ya miezi mitano nusu yake ikafa. Aliibandika kwenye mbao bila reli ya alumini ya kupozea, na LED ikikosa pa kutolea joto inakufa mapema. Ameibadilisha na kuweka reli, gharama ya stripi tukagawana. Angeweka reli tangu mwanzo.

Fungu la tatu la yule Kelly liko sebuleni: ile sinia ya shaba ya bibi yangu, imetundikwa ukutani, na taa moja ndogo yenye mwale mwembamba inayoiangukia kwa ubavu. Usiku taa nyingine zote zikizimwa, ile sinia inawaka kama jua linalochomoza baharini kule Raskazone. Wageni wanaishangaa. Ilikuwa imekaa chini ya kitanda miaka 11.

Gharama, maana najua ndilo mtakaloniuliza. Kupanga na kufunga alinitoza shilingi 220,000. Vifaa vilikula 385,000, na kilichopaisha ni balbu nne za Ra 95 za karakana, 18,000 kila moja, hazikupatikana Tanga zikaja na basi kutoka Dar. Vyumba vingine tuliweka za Ra 80 za kawaida, kwa 4,500. Sikuona sababu ya kuweka za ghali chooni. Kuhusu LUKU, umeme wetu wa kulipia kabla: zamani nilikuwa na tyubu nne za kizamani, ambazo kila moja na choki yake (kile kifaa cha kuiwashia) hula kama wati 45, na balbu tano za wati 20. Hizo ni wati 280. Sasa nina taa 14, zote pamoja wati 110. Kwa saa tano za usiku, nimetoka kama uniti 42 za taa kwa mwezi hadi 16 na nusu. Friji na pasi ni habari nyingine, msinihesabie.

Ningemwita tena? Ndiyo, na nimeshamwita kwa dada yangu wa Pongwe. Nikimpa alama ningempa nane kwa kumi: moja nimeitoa kwa stripi, moja kwa ile dali ya mama. Kuna na swichi ya sebuleni ya kupunguza na kuongeza mwanga, inavuma kama nzi ukiipunguza chini ya nusu, kwa sababu balbu zilizowekwa si za aina inayopunguzika. Amesema Jumamosi analeta nyingine. Nimemwambia aje baada ya Magharibi.